Shavu la Shemeji

Sokoni Kangeta, mtu akipita na shavu limevimba, hakuna anayemuuliza kama anaumwa. Anaulizwa miraa hiyo ameinunua kwa nani. Wanaume wa pale hutafuna polepole, na kilichotafunwa hakitemwi. Husukumwa kwa ulimi mpaka pembeni, kikarundikwa shavuni, kikaongezwa kidogo kidogo tangu mchana. Ikifika saa kumi na moja jioni, mtu wa maana huonekana kama anayepuliza tarumbeta lisilokuwepo.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa mtu wa shavu la kushoto. Kila mtu ana upande wake, na wa kwake ulijulikana hata kwa wanaomwona kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo ugonjwa ulipokuja ukakaa papo hapo, upande uleule, ulikuta kisingizio kimeshaandaliwa. Uliishi shavuni mwake miezi kadhaa kama mpangaji asiyejulikana, na sisi sote tukiupita kila siku tukiuambia habari ya asubuhi.

Mimi si mtu wa Kangeta. Nimezaliwa karibu na Kiritiri, Mbeere, huko chini kwenye jua. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijamaliza miaka miwili mahali pamoja. Nimepakia mchanga kwenye malori, nimeuza matikiti soko la Gakoromone, nimechunga mizinga ya nyuki ya mtu mwingine, na kwa miezi mitano nililinda kanisa ambalo bado halikuwa limewekwa mlango. Dada alipoolewa na Mwigembe, mtu wa huko Kangeta, nilienda kumsalimia kwa wiki moja. Nilikaa mwaka na nusu. Shemeji alinifundisha kufunga miraa kwa majani ya mgomba ili isikauke njiani, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafungaji, hakuna aliyeuliza huyu Mbeere ametokea wapi.

Wa kwanza kuona shavu lile alikuwa mzee wa kanisa, na aliliona vibaya.

Shemeji aliimba sauti ya nne kwenye kwaya. Jumapili hakuwa anatafuna, hilo lilikuwa agano lake na dada tangu siku ya harusi. Siku hiyo kwaya ilisimama, wimbo ukaanza, na mzee wa kanisa akiwa amekaa benchi la mbele akaona shavu la kushoto limejaa kama la siku ya soko. Alivumilia beti mbili. Ubeti wa tatu akainuka, akamshika shemeji kiwiko, akamtoa nje kwa upole. Mimi nilikuwa mlangoni, kwa hiyo nilisikia yote.

"Ndugu, tema," mzee akasema.

"Niteme nini?"

"Unajua."

"Sijui."

"Fungua mdomo basi."

Shemeji akafungua. Mzee akatoa simu, akawasha tochi, akachungulia huku na huku kama anayetafuta sindano ndani ya chungu.

"Ameshameza," akasema, akiniambia mimi, kama shahidi.

"Sijameza kitu," shemeji akasema.

"Na shavu?"

"Shavu liko hivyo."

"Tangu lini shavu likawa hivyo?"

Shemeji akafikiri. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hajui. Alikuwa amelizoea likiwa limejaa, na alipokuwa hatafuni hakuwa na sababu ya kulipima.

Baraza la wazee lilikaa wiki iliyofuata. Alitengwa miezi mitatu, asishiriki meza ya Bwana wala asiimbe, kwa makosa mawili: kuingia na miraa ibadani, na kuimeza ili kupoteza ushahidi. Hilo la pili ndilo lililomuuma. Alisema angekubali la kwanza kama lingekuwa la kweli, lakini la kumeza lilimfanya aonekane mshamba, kwa sababu mtu anayejua kutafuna hamezi rundo.

Nyumbani hali haikuwa nzuri. Dada alianza kupekua makoti. Alinusa mito. Jioni moja, tukiwa tunakula, alimtazama mume wake muda mrefu, akaweka kijiko chini.

"Mzee, kama ni kutafuna, tafuna. Mimi sikukukuta mtawa. Lakini unatafuna hata umelala?"

"Sitafuni nikilala."

"Jana saa kumi na moja alfajiri shavu lilikuwa hivyo hivyo. Nimeliangalia mpaka jogoo akawika."

Nilikuwa na udadisi ambao umenifukuzisha kazi nyingi. Nilimwomba shemeji anionyeshe. Kulipokucha tukaenda nje kwenye mwanga, akakaa juu ya ndoo, nikachungulia. Ndani, kwenye ufizi wa juu nyuma kabisa, kulikuwa na kinundu laini cha ukubwa wa yai la kwale, kimepanda kutoka kwenye fizi na kulisukuma shavu. Rangi yake ilikuwa ya fizi iliyokwajuka. Nikakigusa.

"Unaumia?"

"Siumii. Na usinibonyeze kama unanunua parachichi."

"Kinatoa damu?"

"Nikipiga mswaki. Kidogo."

Alisema pia kwamba siku hizi akipanda kile kilima cha kwenda shambani anasimama mara tatu. Alikuwa amedhani ni umri.

Tulianzia kwa mng'oa meno wa sokoni, mzee mmoja mwenye kiti cha plastiki na kioo kidogo cha gari. Aliangalia kinundu, akasema ni jino linalotaka kutoka likakosa njia, akang'oa la jirani yake. Kinundu hakikupungua. Akang'oa la pili, ili kuongeza nafasi, alisema. Shemeji alirudi nyumbani na meno mawili yamefungwa kwenye kipande cha gazeti na shavu lake palepale. Dada aliyatazama yale meno, yote mazima, meupe, akasema huyo mng'oaji angekuja kwake kwanza, angemwonyesha ndimi za kanisani za kung'oa.

Ndipo tukashuka Meru, hospitali moja yenye daktari wa meno wa kusomea. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani, mchangamfu. Alimkalisha shemeji kwenye kiti kile kinacholala, akavuta taa, akaona shavu, akamletea beseni.

"Mzee, tutaanza kwa kutema."

Shemeji akanitazama. Kisha akamtazama daktari.

"Daktari, mimi nimetengwa kanisani kwa sababu ya neno hilo."

Akaeleza. Daktari alisikiliza bila kucheka, jambo lililonifanya nimheshimu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia mara ishirini na bado nilikuwa nauma midomo. Akavaa glavu, akatia kidole, akapapasa kinundu, na uso wake ukatulia kwa namna nyingine. Akampapasa shingoni, kisha chini ya taya. Akasema anataka kukata kipande kidogo kipelekwe maabara.

Alikata. Akakiweka kwenye kisahani cheupe, na sisi watatu tukainama kukitazama, shemeji akiwa na pamba mdomoni.

Kilikuwa kijani.

Sisemi kijani cha jani. Kilikuwa rangi ya ndengu zilizolowekwa, kijani kilichochoka, lakini kijani. Shemeji alikuwa ametafuna majani ya kijani kwa miaka thelathini, na sasa nyama yake mwenyewe ilikuwa imetoka kijani. Niliona hesabu ikipita usoni mwake na jibu likitoka.

"Imeingia ndani ya nyama," akasema kupitia pamba.

"Hapana," daktari akasema. "Tazama."

Tukatazama. Pale pale kwenye kisahani ile rangi ilianza kufifia, polepole, kama doa linalokauka, mpaka kipande kikabaki rangi ya kawaida ya nyama. Daktari alishusha pumzi.

"Hii nimeisoma kitabuni tu," akasema. "Sijawahi kuiona kwa macho."

Mtu akiniambia hivyo mimi hufurahi. Shemeji hakufurahi. Alisema angependa kuwa na ugonjwa ambao daktari ameuona mara nyingi.

Akatolewa damu siku hiyohiyo. Majibu ya damu yalitoka kabla ya saa nane: kila kitu sawa. Shemeji aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, na njia nzima ya kurudi alikuwa akiigusa. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba damu kuwa sawa hakumalizi jambo, kwamba tungoje majibu ya kipande, lakini sentensi hiyo haikupanda gari pamoja nasi.

Kosa alilofanya shemeji lilikuwa kumwambia mtu mmoja kuhusu rangi. Mtu huyo alikuwa rafiki yake wa kuaminika, kwa hiyo alimwambia mwingine wa kuaminika. Asubuhi ya pili soko lote la Kangeta lilijua kwamba mwenyekiti wa wafungaji amepasuliwa na ndani ni kijani.

Wakaja wanaume watatu. Hawa walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pale, watu ambao wakikaa chini pamoja bei hubadilika. Walikuja wamevaa makoti mchana wa jua. Dada aliwaletea chai, wakainywa yote kabla ya kusema walichokijia. Mkubwa wao, mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyefungua.

"Mwenyekiti, pole na ugonjwa."

"Asante."

"Tumesikia ilikuwa kijani."

"Ilikuwa."

"Sana?"

"Kiasi."

Yule wa kofia akageukia wenzake, kisha akarudi. "Sisi hatujaja kukulaumu. Mtu hachagui ugonjwa. Lakini unajua maneno yakishuka Nairobi yanavyokuwa. Leo ni kijani, kesho ni miraa inaota shavuni. Tunaomba kitu kidogo tu. Ukiulizwa, sema ilikuwa ya manjano."

"Manjano?"

"Manjano haina shida. Hata usaha ni wa manjano."

"Lakini shemeji yangu aliiona," shemeji akasema, akinielekezea kidevu.

Wote watatu wakanigeukia.

"Huyu ni Mbeere," wa pili akasema kwa sauti ya kufariji. "Nani atamwamini?"

Shemeji aliwaahidi manjano. Nilimwona akiwaahidi kwa moyo wote, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anataka iwe manjano kuliko wao.

Wiki ya pili simu ikalia. Tulikuwa tumekaa chini ya banda tukifunga miraa, mikono yetu ikiwa na utomvu wa majani ya mgomba. Ilikuwa sauti ya daktari. Shemeji alisikiliza kidogo, akaitikia "ndiyo" mara tatu, kisha akaniwekea simu sikioni.

"Ongea na huyu," akamwambia daktari. "Yeye ndiye anapenda maswali."

Nikauliza. Nadhani nilimchosha yule mwanamke, lakini alijibu kila kitu. Alisema kinundu kile kimetengenezwa na seli changa za damu, seli ambazo kazi yake ni kukomaa ndani ya mfupa na kuwa askari wa mwili. Hizi zimekataa kukomaa na zinaongezeka tu. Ndani yake mna kitu chenye rangi ya kijani, nacho kikipigwa na hewa hupauka. Saratani ya damu. Nikamwambia damu ilitoka safi. Akasema ndiyo, ndiyo ajabu yake: mara nyingi ugonjwa huu huanzia ndani ya mfupa na kuonekana kwenye damu, lakini mara chache hutokea kama uvimbe nje, kwenye fizi, kwenye ngozi, nyuma ya jicho, wakati ndani bado kumenyamaza. Kisha baadaye ndani hulipuka. Asipotibiwa ni suala la miezi. Akianza sasa ana nafasi ya kweli. Lazima wampime uboho, yaani ule urojo wa ndani ya mfupa, na hilo hufanywa na madaktari wengine, Embu.

Nikamuuliza swali la mwisho: miraa?

"Hii haitokani na miraa," akasema. "Nimesoma habari za watoto wadogo waliopata, na watu ambao miraa hawajawahi hata kuiona. Rangi ni ya seli zenyewe."

Nilielewa kwa njia yangu. Nilipochunga mizinga, mara moja moja nilikuwa nakuta nyuki wamejikusanya kwenye tawi, wamening'inia kama kifurushi. Mtu asiyejua angesema ni kitu cha mti. Mwenye mzinga anajua wametoka wapi na hapigi tawi, anaenda kuufungua mzinga.

Nilimweleza shemeji hivyo. Nilimweleza pia kwamba uboho ni kile anachokifyonza kwenye mfupa wa supu kila Jumamosi, na alinitazama kwa chuki, akasema sasa nimemharibia na supu. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia neno "miezi."

"Utaenda," akamwambia.

"Damu yangu ni safi. Karatasi ninayo."

"Utaenda."

"Nikienda kule, nitaandikwa saratani, na kesho Kangeta yote itasema mwenyekiti ameuawa na miraa. Watu mia ngapi wanakula kwa kazi hii? Wewe unakula kwa nini?"

Dada alisema atakula mawe. Akaingia ndani. Tulimsikia akipanga sufuria ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Siku tatu alikataa. Alimkataa mke wake, akamkataa daktari kwa simu, na mimi akanikataa kwa kuniambia kwamba mtu aliyeacha shule darasa la saba asimfundishe mambo ya mifupa. Hilo lilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimemwona akipanda kile kilima, sasa anasimama mara sita. Na chini ya ngozi ya mgongo, alipokuwa akioga, niliona kinundu kingine, kidogo, cha rangi ya zambarau.

Ndipo nilipofikiria wale wanaume watatu.

Niliwakuta sokoni wamekaa juu ya magunia. Nikawaeleza yote, neno kwa neno la daktari: kwamba kijani si cha miraa, ni cha seli, kwamba hata mtoto wa maziwa anaweza kuwa nacho. Wakaniuliza mara mbili kuhusu mtoto wa maziwa. Kisha yule wa kofia akavuta pumzi, akazungusha kijiti cha miraa vidoleni.

"Kwa hiyo akitibiwa, daktari ataandika kwamba si miraa?"

"Ataandika."

"Na akifa bila kutibiwa?"

"Hakutakuwa na wa kuandika. Kila mtu atajisemea."

Walitazamana. Saa hiyohiyo wakainuka. Walitembea kwa mwendo ambao sijawahi kuuona kwa wanaume wa Kangeta baada ya saa sita mchana. Walimkuta shemeji bandani, na safari hii hawakungoja chai.

"Mwenyekiti," wa kofia akasema, "unaenda Embu."

"Mlisema nikae na manjano."

"Tumeondoa manjano. Ni kijani, na kijani si yetu. Lakini lazima ipimwe, iandikwe, ipigwe muhuri. Hutaki kutibiwa kwa ajili yako, haya. Hili ni la soko."

Shemeji alikuwa mtu wa kuweza kukataa mke, daktari na ndugu wa mke. Soko hakuliweza. Alikaa akitazama majani ya mgomba yaliyokuwa mapajani mwake. Halafu akamwita dada, akamuuliza shati lake la bluu liko wapi.

Barua ya daktari wa meno ilikuja kabla hatujaondoka. Ilikuwa na sentensi mbili za maana. Ya kwanza ilisema uvimbe huu hausababishwi na miraa. Ya pili ilisema, hata hivyo, mgonjwa anashauriwa aache miraa. Wale wanaume watatu waliitengenezea nakala, na mkono wa mtu fulani ulikuwa umefunika sentensi ya pili wakati wa kunakili. Dada alipeleka nakala yake kanisani, hiyo ikiwa nzima. Baraza likakaa. Ilibishaniwa muda mrefu, kwa sababu mzee mmoja alisema barua inajibu kosa la kwanza tu, la kumeza halijatajwa popote. Mwisho walimsamehe lile la kwanza na kuliacha la pili mikononi mwa Mungu.

Embu walimpima damu tena, na haikuwa ile damu ya karatasi ya mfukoni. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu ile ya Meru, mbili za kungoja simu na zilizobaki za kungoja barua. Seli zilizokuwa zimejificha zilikuwa zimeanza kutembea humo. Daktari wa huku, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini, akasema watatoa uboho kwenye mfupa wa nyonga siku ileile. Nikaomba kuingia, nione. Alikubali, nadhani kwa kuchoka. Shemeji alilala kwa ubavu, wakamdunga ganzi, wakaleta sindano. Niliiona ile sindano. Niliona daktari akiisukuma kwa nguvu ya bega, akiizungusha kama anayetoboa mti wa mzinga.

Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani na shemeji alikuwa amesimama pembeni, ameshika nyonga yake, akinipepea kwa faili lake.

"Mbeere," akasema, "nani mgonjwa hapa?"

Alilazwa siku hiyo. Ugonjwa ulikuwa umefika ndani ya mfupa. Dawa zilipita kwenye mshipa siku saba, nyekundu moja na nyingine isiyo na rangi, na mimi nikahamia kwa shangazi yetu Kiritiri ili niwe karibu. Kitu kilichonishangaza ni wepesi wa shavu. Kinundu kilichokuwa kimetukalia miezi yote hiyo kiliyeyuka karibu kama mafuta. Siku ya tisa shavu lilikuwa limelala. Siku ya kumi na nne nywele zilianza kubaki kwenye mto. Shemeji alikuwa na upara na uso mwembamba wenye pande mbili zinazolingana, na hata dada alikuwa anasita kidogo kila akiingia wodini.

Wale wanaume watatu walikuja kumwona katika wiki hiyo, wamebeba ndizi, maziwa ya pakiti na blanketi jipya. Nilikuwa nimetoka kutafuta chai. Niliporudi niliwakuta wamezunguka kitanda cha pili, cha mtu wa Siakago aliyevimba shavu la kushoto kwa sababu ya jipu la jino. Walikuwa wamemfunika blanketi na wa kofia alikuwa amemaliza kumwombea. Yule mtu alikuwa anakula ndizi yao ya tatu, ameridhika, haulizi kitu. Shemeji alikuwa kitandani kwake, mita mbili kando, akitazama yote.

"Mbona hukuwaita?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nilitaka kusikia wataniombea nini," akasema. "Wameomba vizuri. Wamenitaja mimi kwanza, soko la pili."

Blanketi halikurudi. Wa kofia alisema kitu kilichoombewa hakinyang'anywi.

Baada ya hapo zikaja siku ambazo sina cha kuchekesha juu yake. Homa ilimpata wakati mwili hauna askari hata mmoja. Walimhamisha chumba cha peke yake, na tukawa tunamwona kupitia kioo. Dada alikaa kwenye ile korido kwenye kiti cha mbao, mgongo wima, mchana baada ya mchana, na mtu akimwambia apumzike anasema amepumzika. Siku ya nne ya homa, daktari wa sauti ya chini alipita bila kutuambia kitu, na tulijua kwamba akiwa na neno zuri angesimama. Siku ya sita alisimama. Homa imeshuka, alisema. Dada aliitikia kwa kichwa na kuomba maji ya kunywa. Nadhani yalikuwa ya kwanza kwa siku hiyo.

Majuma yakapita, damu ikarudi, wakamchoma tena nyonga. Safari hii nilingoja nje kwa hiari yangu. Kisha tukaitwa ofisini wote watatu, shemeji katikati, shati la bluu likimpwaya. Daktari alikuwa na karatasi.

"Kwenye uboho hatuoni seli mbaya," akasema.

Shemeji alisogeza kiti mbele.

"Hamzioni, au hazipo?"

Daktari akatazama karatasi, kisha akamtazama yeye. "Hatuzioni. Ndiyo maana kuna mizunguko mingine ya dawa. Lakini hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

"Mmetazama vipi?"

"Kwa hadubini."

"Naweza kutazama?"

Sidhani kama watu humwomba hivyo. Lakini alituongoza mpaka maabara, mlango wa tatu, ambako fundi mmoja alitusogezea kiti, akaweka kioo kidogo chini ya hadubini na kukizungusha mpaka kikawa sawa. Shemeji akainama. Alitazama muda mrefu. Fundi akakohoa, akatazama saa.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Vitu vya zambarau. Vingi."

"Ni vizuri?"

"Sijui." Akasogeza jicho kidogo. "Lakini vimetulia."

Nami nikatazama, na ni kweli vilikuwa vimetulia, ingawa nadhani hata vibaya huonekana hivyo. Kisha dada akasema na yeye anataka. Hakuwa anajua cha kutafuta, na hakuuliza. Alifunika jicho moja kwa kiganja, akainama, akatazama muda mrefu kuliko sisi wote, mpaka fundi akaacha kukohoa na kwenda kufanya kazi nyingine. Alipoinua kichwa alikuwa na alama ya duara kuzunguka jicho moja na machozi kwenye yote mawili. Akajifuta kwa pembe ya leso, akatuambia twende tukale, kwa sababu mkahawa wa pale nje chapati huisha mapema.